Uvundo wa makumbi, na wanaoishi chini zaidi

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi huku Bwejuu tunafukia makumbi ya nazi pwani miezi kadhaa kabla ya kuyaponda tupate usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Tukifukua, tope ni jeusi na linanuka mayai viza. Mwanangu kaniambia kafundishwa skuli kwamba hata chini ya sakafu ya bahari, mamia ya mita, mna vijidudu hai. Hewa hakuna, jua hakuna: wanakula nini?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada. Mwanao kasema kweli, na nusu ya jibu umekuwa ukiifukua mwenyewe.

Makumbi yakishafukiwa, oksijeni iliyomo topeni huliwa ikaisha upesi. Zamu hushikwa na bakteria wanaopumua salfeti, chumvi ambayo kila lita ya maji ya bahari inayo kama gramu 2.7. Sisi tukipumua tunatoa kaboni dayoksaidi. Wao hutoa salfidi ya haidrojeni, ndiyo hiyo harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma, tope huwa jeusi. (Bangili ya fedha ivue kwanza, itasawijika.) Na usumba haulainishwi na maji peke yake: vijidudu ndio wanaokula ule utomvu unaogandisha nyuzi.

Sasa shuka chini. Mashapo, yaani tope na mabaki yanayotua sakafuni mwa bahari, hulundikana tabaka juu ya tabaka, na vijidudu huzikwa humo humo. Salfeti nayo huisha, wakabaki wanaotengeneza gesi ya methani. Chakula ni mabaki ya viumbe vilivyokufa zamani, lakini yameshatafunwa na kila aliyekuwa juu. Yanayofika chini ni makombo ya makombo. Ndiyo maana maisha ya huko ni ya polepole mno. Bakteria wa maabara, akishiba, hugawanyika kwa dakika 20. Wa huko huweza kukaa mamia ya miaka hajagawanyika.

Mwaka 2012 meli ya Japani iitwayo Chikyu ilitoboa karibu na rasi ya Shimokita hadi mita 2,466 chini ya sakafu ya bahari. Kwenye makaa ya mawe, kina cha kilomita mbili hivi, walikutwa vijidudu wenye udugu na wale wa udongo wa misituni. Si ajabu: makaa yale yalikuwa mimea ya nchi kavu kabla bahari haijayafunika.

Katikati ya Pasifiki ya Kusini mambo ni kinyume: oksijeni imo, chakula ndicho hakuna. Mashapo yaliyochukuliwa huko mwaka 2010, mengine ya miaka milioni 101.5, yalipotiwa chakula maabara, vijidudu walikula na kuzaana. Umri huo ni wa mashapo, usije ukadhani kila kijidudu kimepimwa umri wake.

Wa shimoni kwako si hao hasa. Ila wengi wa chini ni uzao wa waliokuwa juu, wale wachache waliostahimili njaa.

Na ukifukua, kaa upande upepo unakotoka. Gesi ile ikizidi ni sumu.