Maswali ya Wasomaji: Dizeli Nyekundu Inaruhusiwa Tangi Lipi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Marekani, hasa kwa madereva wa malori, na zinahusu dizeli iliyotiwa rangi nyekundu na kuuzwa bila ushuru wa barabara. Mbili za mwisho zimetoka Uingereza na Tanzania.

Ndugu wahariri, naendesha lori lenye trela la baridi. Kituoni nilishika bomba la mafuta ya rifa (mashine ya kupoza trela) nikidhani ni la dizeli ya kawaida, galoni kama 30 nyekundu zikaingia tangi la lori. Injini sijaiwasha. Nifanyeje? — Dereva, Columbus, Ohio

Umefanya vizuri kutoiwasha. Usiisogeze hata hatua moja kwa injini yake, na usijidanganye kwamba ukijaza dizeli nyeupe, ile ya kawaida iliyolipiwa ushuru, juu yake rangi itapotea. Rangi hiyo imekusudiwa kuonekana hata ikizimuliwa.

Kama lori lina matangi mawili, tazama paipu inayoyaunganisha kwa chini. Ikiwa ina valvu, ifunge mara moja, maana mafuta hujisawazisha yenyewe kati ya matangi. Ikiwa haina, hesabu kwamba yote mawili yameingiwa. Ita fundi wa barabarani mwenye pampu safi na pipa, amwage matangi kupitia nati ya chini mpaka yakauke. Kwa kuwa hukuwasha, mafuta hayajavutwa kwenda kwenye filta, lakini angalia kikombe cha kutenga maji kwenye filta ya kwanza. Kikiwa na wekundu wowote, badilisha filta zote mbili na usafishe kikombe.

Hapa mafundi wengi wenye haraka hukosea: wanaijaza filta ya pili kwa kumimina mafuta kabla ya kuifunga. Kwenye injini za sasa zenye presha kubwa, mafuta hayo ambayo hayajachujwa huingia upande wa nozeli pamoja na vumbi lake. Ifunge ikiwa tupu, kisha sukuma mafuta kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Mafuta uliyoyamwaga si takataka. Dizeli nyekundu ya kituoni ni dizeli ileile yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, kwa hiyo yanaweza kuingia tangi la rifa, ambalo mara nyingi hubeba galoni 50. Tunza risiti ya pampu, ankara ya fundi na maandishi mafupi ya msimamizi wa kituo yenye saa na tarehe. Sheria inamwadhibu aliyejua au aliyepaswa kujua, na karatasi hizo ndizo zitakazokutetea. Ukigundua kosa halafu ukaondoka nalo barabarani, umeshajua.

Kwani rifa inaruhusiwa kutumia nyekundu wakati inatembea barabarani pamoja na lori? Na ile injini ndogo ya kupooza kebini usiku? — Dereva mwenye lori lake, Dallas

Rifa inaruhusiwa. Sheria ya shirikisho haiulizi kama chombo kipo barabarani. Inauliza mafuta yanalisha injini ipi. Injini inayosukuma gari la barabarani lazima inywe dizeli iliyolipiwa ushuru. Injini ya rifa haisukumi gari, ina tangi lake, kwa hiyo nyekundu ni halali hata ukiwa katikati ya barabara kuu.

Injini ya kebini ni habari nyingine, kwa sababu kwa kawaida huvuta kutoka tangi lilelile la lori. Tangi hilo haliwezi kuwekwa nyekundu hata kidogo. Unachoweza kufanya ni kudai kurudishiwa ushuru wa kiasi kilichotumiwa na injini hiyo ndogo, kwa makadirio ya busara yanayotokana na kumbukumbu zako: chukua jumla ya mafuta, toa yaliyosukuma lori pamoja na yale ya kuunguruma ukiwa umesimama, kinachobaki ndicho cha injini ya pembeni.

Hesabu hiyo haiwahusu wenye malori ya zege. Bakuli la zege likizungushwa na injini ileile ya lori, mafuta yote yanahesabiwa kuwa ya barabarani, hata saa ambazo lori limesimama likikoroga.

Nimekuwa nikijaza rifa dizeli nyeupe kwa sababu vituo vingi ninavyopita havina nyekundu. Nimepoteza? — Des Moines, Iowa

Hujapoteza, ila itabidi udai. Ushuru wa shirikisho kwenye dizeli ni senti 24.4 kwa galoni. Senti 24.3 zinarudishwa; ile sehemu moja ya kumi ya senti ni ya mfuko wa matangi ya chini ya ardhi yanayovuja, nayo hairudi. Rifa iliyokunywa galoni 2,000 kwa mwaka inakurudishia dola 486. Unadai kwa Fomu 4136 pamoja na marejesho yako ya kodi ya mwaka. Anayetaka fedha mapema hutumia Fomu 8849, lakini dai lazima lifike dola 750, yaani zaidi kidogo ya galoni 3,086, kwa hiyo kwa mwenye lori moja Fomu 4136 ndiyo njia. Kama ulishayaandika mafuta hayo kuwa gharama ya biashara pamoja na ushuru wake, fedha inayorudi huhesabiwa kuwa mapato. Jimbo lina ushuru wake na fomu zake.

Risiti ndiyo roho ya dai. Pampu inapokuuliza lori au rifa, jibu kwa usahihi na uzifanye kuwa risiti mbili. Galoni za rifa haziingii kwenye ripoti ya kila robo mwaka ya IFTA, yaani mapatano ya majimbo ya kugawana ushuru wa mafuta. Ukizichanganya, wastani wako wa maili kwa galoni unashuka, na mkaguzi ataona.

Faini ni kiasi gani, na wanajuaje? — Louisville, Kentucky

Dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, ile iliyo kubwa zaidi. Ukikutwa na galoni 80, hesabu ya galoni inatoa 800, kwa hiyo unalipa 1,000. Ukiwa na matangi mawili ya galoni 120 yaliyojaa, ni dola 2,400, ilhali ushuru wa shirikisho uliokwepwa kwenye galoni hizo 240 ni dola 58.56. Ushuru wenyewe pia unadaiwa. Ukirudia, ile 1,000 huongezewa 1,000 nyingine kwa kila mara uliyokwisha kuadhibiwa, na jimbo linaweza kuongeza faini yake juu.

Wanajua kwa kuchovya. Maafisa wa mafuta wa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, husimama kwenye mizani, hufika vituo vya mafuta, mashamba na yadi za makampuni, huvuta sampuli kutoka tangini na kuitazama kwenye chupa angavu. Yenye shaka hupelekwa maabara. Rangi inayotumika ni Solvent Red 164, na nguvu yake haipaswi kuwa chini ya ile ya pauni 3.9 za Solvent Red 26 kwa kila mapipa 1,000, ambayo ni galoni 42,000. Ni kiasi kidogo sana cha rangi kwa mafuta mengi hivyo, lakini kinatosha. Kumkatalia afisa kukagua ni faini nyingine ya dola 1,000, kwa hiyo kufunga mfuniko na kubishana ni hasara mbili.

Naye muuzaji lazima aweke tangazo kwenye pampu kwamba ni dizeli ya rangi, kwa matumizi yasiyotozwa ushuru tu. Ukipita mbele ya tangazo hilo, kusema hukujua ni kazi ngumu.

Rafiki ananiambia jiki inaondoa rangi. — Asiyetaka kutajwa

Kubadilisha au kujaribu kubadilisha rangi ni kosa linalojitegemea, lenye adhabu ileile, hata kama hujamimina tone kwenye lori. Na jiki ni maji yenye klorini. Maji hukaa chini ya tangi, hula chuma cha pampu ya presha, hukwaruza nozeli. Seti ya nozeli sita za lori kubwa ni fedha nyingi kuliko ushuru wa miezi kadhaa. Huko Ireland, magenge yaliyokuwa yakifua dizeli nyekundu kwa tindikali na udongo wa kuchujia yameacha mapipa ya tope la sumu kandokando ya barabara, na kuyasafisha kumewagharimu walipa kodi wa pande zote mbili za mpaka. Mwache rafiki yako na jiki yake.

Nina kampuni ndogo ya kutunza bustani: pikapu ya dizeli, trekta dogo na jenereta. Pikapu hufanya kazi shambani kwa wateja siku nzima. Naweza kuweka nyekundu? — Lancaster, Pennsylvania

Trekta na jenereta, ndiyo. Pikapu iliyosajiliwa kwa barabara, hapana, hata kama leo imetembea maili tatu tu. Trekta likivuka barabara kwenda shamba la pili halina tatizo na sheria ya shirikisho, kwani halikuundwa kuwa gari la barabarani.

Unaweza kubeba nyekundu nyuma ya pikapu kwenye tangi la ziada, ili mradi halijaunganishwa na mfumo wa mafuta wa pikapu. Paipu moja iliyofichwa chini ya bodi inatosha kukutia hatiani. Chagua tangi lisilozidi galoni 119, maana kuanzia hapo masharti ya kubeba mizigo ya hatari yanakuwa mazito. Lipake maandishi makubwa, na bomba lake lifunge kufuli: wafanyakazi wapya ndio huimwagia pikapu mafuta ya trekta saa kumi na moja jioni.

Na mikebe isikuchanganye. Marekani, mkebe mwekundu ni wa petroli, wa njano ni wa dizeli, wa buluu ni wa mafuta ya taa. Dizeli nyekundu huingia mkebe wa njano.

Jambo wahariri. Nyumba yetu inapashwa joto kwa mafuta, na tangi la chini ya nyumba lina mafuta mekundu. Usiku wa baridi kali yakiisha kabla gari la mafuta halijafika, naweza kununua dizeli kituoni? Na yale mekundu, mume wangu anaweza kuyatia kwenye gari lake la dizeli? — Mama, Portland, Maine

Kwanza la pili, mama: hapana. Ni mafuta yasiyolipiwa ushuru wa barabara, na mafuta ya nyumba hayalazimiki kufikia viwango vyote vya dizeli ya magari. Mfumo wa kusafisha moshi kwenye gari la sasa utaharibika mapema kwa salfa ikizidi.

La kwanza, ndiyo. Dizeli nambari 2 ya kituoni, nyekundu au nyeupe, inafaa kwenye tanuri, na galoni 5 hadi 10 zitawafikisha asubuhi. Kamwe si petroli, hata kidogo. Mimina taratibu, kisha subiri kama dakika 10 ili tope la chini litulie. Bonyeza kitufe cha kuwashia upya mara moja. Ikizima, kuna hewa kwenye paipu: vaa bomba dogo la plastiki kwenye nati ya kutolea hewa iliyo ubavuni mwa pampu, tia ncha yake kwenye chupa, legeza nati robo mzunguko, bonyeza kitufe, na ufunge mafuta yakitoka bila mapovu. Usibonyeze tena na tena. Kila mara mafuta yasiyowaka humwagika ndani ya tanuri, na siku likishika moto litashika yote kwa pamoja. Ikikataa mara ya pili, ita fundi.

Nilisikia Florida na Texas waliruhusu nyekundu barabarani. — Houston

Kwa muda tu. Baada ya vimbunga Harvey na Irma mwaka 2017, IRS iliondoa adhabu kwa siku zilizotajwa na maeneo yaliyotajwa, kwa sharti kwamba ushuru wa senti 24.4 ulipwe. Tarehe ikipita, yaliyobaki tangini ni kosa.

Hapa Uingereza nina lori la kusambaza samaki waliogandishwa. Jamaa wa Marekani wanatumia nyekundu kwenye rifa, mimi nimekatazwa. Kwa nini? — Leicester

Kwa sababu kanuni zilibadilika tarehe 1 Aprili 2022. Tangu siku hiyo kazi za ujenzi, majenereta mengi ya biashara na mashine za kugandisha kwenye magari vilitolewa kwenye orodha. Waliobaki ni kilimo, misitu, ufugaji wa samaki, reli, vyombo vya biashara vya majini, maonyesho ya kuhamahama na wachache wengine. Pengo ndilo linalotamanisha: punguzo la Machi 2022 liliweka ushuru wa nyekundu kuwa peni 10.18 kwa lita, na wa nyeupe peni 52.95. Kama tangi la mashine yako liliwahi kubeba nyekundu, lisafishe pamoja na filta na paipu.

Mbona huku migodini hatuoni dizeli nyekundu? — Fundi mitambo, Geita

Kwa sababu Tanzania imechagua njia ya kinyume. Marekani hutia alama mafuta yasiyolipiwa. Tanzania hutia vinasaba (alama za kikemikali) kwenye mafuta yanayouzwa humu nchini baada ya kulipiwa kodi, na jicho haliwezi kuviona. Mpango huo ulianza mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mkaguzi akipima pampu ya kituo na kukuta vinasaba havifiki kiwango, maana yake mafuta yamechakachuliwa, au ni ya kwenda nje ya nchi au ya msamaha yaliyochepushwa.

Uchakachuaji mkubwa ulikuwa wa mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo. Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Kwa fundi, dalili ni hizi: injini inapoteza nguvu mlimani na pampu ya nozeli inaanza kulia, kwani mafuta ya taa hayana ulainisho wa dizeli na vyuma husagana vikavu. Ukishuku, chukua lita moja kwenye chupa safi ya kioo, iandike tarehe na kituo, uiweke pamoja na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kabla ya kufungua pampu.