Maswali na majibu: Kuitwa mja kuna heshima gani?

Assalaam alaykum ustadhi. Bibi wa bibi yangu aliuzwa Unguja. Nikisikia kwenye hotuba kwamba sisi ni watumwa wa Mungu, roho inaniuma. Fahari iko wapi?

Waalaykum salaam. Uchungu wako una haki yake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja 1897. Kwa hesabu ya ukoo ni juzi tu. Na wengi walionunua watu walikuwa Waislamu wenzetu. Tusilifunike hilo.

Lakini tazama. Bwana wa shamba alimhitaji bibi yako, maana bila mikono yake karafuu hazichumwi. Allah hatuhitaji. Katika sura ya Adh-Dhariyat, mara tu baada ya kusema kwamba hakuumba majini na watu ila wamuabudu, anasema hataki riziki kwao wala hataki wamlishe (51:56-57). Bwana gani huyo, anayemlisha mja wake? Na usiku wa Israa, Mtume (s.a.w.) alipopandishwa daraja ambayo hakuna binadamu aliyeifikia, Qur'ani haikumtaja kwa cheo kingine: imesema "mja wake" (17:1). Basi aliyemnunua bibi yako alijitwalia kisichokuwa chake. Bibi alikuwa na Mwenyewe tangu hapo.

Kama neno "mtumwa" linakuchoma, sema "mja". Ndilo tulilolizoea msikitini, na halina harufu ya soko.

Mwanangu ni Abdulrahman. Shuleni wanamwita Abdul. Ni vibaya?

Si dhambi, ila jina limekatwa njiani: "mja wa..." Wa nani? Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba majina anayoyapenda zaidi Allah ni Abdullah na Abdurrahman, basi mfundishe mtoto alitamke lote. Wasimwite "Rahmani" peke yake. Hilo ni la Mola.

Nafagia ofisi Mombasa. Bosi huniita kwa kunipigia vidole, mbele ya wageni. Nikisujudu naona nadhalilika mara ya pili.

Hapana, ndugu yangu. Mtume amesema mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa amesujudu. Ukiinuka, alama za mkeka zikiwa bado kwenye paji la uso, umeshatoka kwa Mkubwa kuliko huyo bosi, na hukupanga foleni wala kuombewa na mtu. Bilali, mtumwa aliyesilimu, aliwekewa jiwe kifuani kwenye mchanga wa Makka; mwaka wa 8 Hijria akapanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, na wakubwa wa Makka wako chini wanasikiliza.

Na subira isikufunge mdomo. Kesho akipiga vidole, mwambie kwa adabu: "Bosi, mimi naitwa fulani." Mshahara wako ukicheleweshwa, udai.