Kwa mwanangu, kuhusu lile gego

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima. Bibi yako anauliza kama unakula, nimemwambia unatafunia upande mmoja.

Umeniandikia kwamba gego la juu ulilotibiwa mzizi mwaka juzi, likachimbwa, njia za ndani ya mizizi zikasafishwa na kuzibwa, limeanza kuuma tena, fizi imeota kijipu, na daktari amekupa mawili: kurudia matibabu au kung'oa. Unataka nikuchagulie. Mimi nataka kujua kwanza kama amekuonyesha kwa nini limeshindikana. Gego hilo lina mizizi 3, lakini njia za ndani mara nyingi ni 4, na ile ya nne ni nyembamba mno, hivyo huachwa na vijidudu vyake. Pengine kizibo kilivuja, mate yakapenya. Hayo hurudiwa, na jino likapona. Ila mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu wake, hakuna wa kuuokoa.

Unalikumbuka gego la chini la baba yako, tulipokuwa tunakaa zile nyumba za reli. Mzizi ulitibiwa, maumivu yakaisha, akawekewa kizibo cha muda, na aliyemtibu akamwambia kofia ya jino, ile ya kulifunika lote lisipasuke, haina haraka. Haina haraka! Gego lililochimbwa hivyo limebaki kuta tu, na baba yako na mua unawajua. Likaanza kuuma. Akapewa antibayotiki, likatulia, likarudi, akapewa nyingine. Jino likishakufa, damu haipiti tena ndani yake, sasa dawa ifike kwa njia gani? Uvimbe wa nje hutulia, chanzo kinabaki palepale. Mwishowe likang'olewa, na daktari wa mwisho akaliweka kwenye kisahani, akatuonyesha ufa mweusi kutoka juu hadi karibu na ncha. Baba yako akacheka, akasema twende tukale pweza. Mimi sikucheka. Hadi leo nikiona mua sokoni roho inaniuma, kwa kuwa wote waliolishika jino lile kabla yake hawakutuambia neno.

Ndiyo maana nasema, na mmechoka kunisikia: jino lako mwenyewe halina mbadala. Najua utanitajia vipandikizi. Ni kweli, skrubu ya titani hupandwa kwenye mfupa, ukasubiri miezi ishikane, ndipo ikavishwa kofia, na hudumu miaka mingi. Lakini ni ghali, na huko juu mfupa huweza kuwa mwembamba kwa sababu ya uwazi wa pua ulio juu yake, ikabidi uongezwe. Daraja nalo, lile jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, linataka kuchonga meno ya jirani, mazima kabisa, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Ukiacha pengo, jino la chini huweza kupanda kulifuata.

Hata hivyo nisikudanganye. Kurudia hakuna uhakika kama wa mara ya kwanza. Kofia itatobolewa au kutolewa, dawa ya zamani ichokonolewe yote, nawe ulipe, kisha pengine ling'olewe vilevile. Fedha ni zako, na ada za watoto nazijua. Lakini jino lako halina mbadala! Basi uliza pia juu ya njia ambayo hukuniandikia: kupasua fizi kidogo, kuikata ncha ya mzizi na kuuziba kutokea huko juu.

Kinywa changu kinataka kusema rudia. Nakizuia kwa shida, maana sijaona picha. Nenda Muhimbili, kwenye chuo kinachofundisha madaktari wa meno, umwone anayeshughulika na mizizi hasa. Omba eksirei mpya ya pembe mbili, na ikibidi ile ya kompyuta inayolionyesha jino pande zote. Akipima fizi kwa kile kijiti chake kikazama sana mahali pamoja tu, muulize kuhusu ufa. Akiuona ufa, ng'oa, nami nitanyamaza.

Akikosa kuuona, usikubali ling'olewe siku hiyohiyo kwa sababu tu umechoka kuumwa. Nipigie kwanza. Lakini shavu likivimba, au ukipata homa, au kumeza kukawa kwa taabu, usinisubiri mimi wala mtu yeyote, nenda hospitali usiku huohuo.

Mama yako