Gauni likikulegea bila sababu, usilibane kwanza

Jumapili nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Mbeya, fundi mwenzangu anayefuata masomo yangu ya ukataji. "Shikamoo dada. Nimepungua kilo saba tangu Ramadhani, sijafanya dayati wala mazoezi, Mungu ni mwema. Nifundishe kubana gauni la zipu ya mgongoni bila kuharibu mshono wa kiuno." Chini akaongeza kwamba siku hizi anachoka mapema, lakini anaona ni kazi za sare za shule.

Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, mguu ukasimama. Nilijiona mimi.

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 41 na vyerehani vitatu hapa Ngamiani, Tanga, nadunduliza kufungua duka la pili. Wewe unayenisoma najua unataka hilohilo, na najua huna muda wa kwenda kupanga foleni hospitali. Kiuno changu kilikuwa sentimita 104 kwa miaka. Mwezi wa sita futi kamba ikasoma 97. Mwezi wa nane, 92. Chapati nilikuwa sijaacha, wala wali wa nazi. Nikafurahi kupita kiasi. Nilibana magauni yangu mara mbili, nikawa nayavaa dukani kama tangazo. Wateja wakaniuliza natumia nini, nikawajibu maji ya moto na ndimu. Jibu lile ninalijutia mpaka leo, maana wapo walioniamini.

Kiu ilikuja kimyakimya. Tanga ni joto, nani atashangaa mtu kuwa na kiu? Nilikuwa nakunywa soda baridi mbili, siku nyingine tatu, na chupa moja ya soda ina sukari ya zaidi ya vijiko saba vya chai. Kila nikinywa, kiu inaongezeka. Usiku naamka kukojoa mara nne. Nikapata na muwasho sehemu za siri, fangasi wanaondoka na kurudi. Hilo sikumwambia mtu, nikanunua dawa ya kupaka dukani.

Nilikwenda zahanati mara tatu. Mara zote tatu niliambiwa ni UTI, nikapewa vidonge, nikarudi kazini. Jina la pale silitaji. Lakini linaniuma, kwa sababu kipimo kilichohitajika ni tone moja la damu ya kidole na majibu yake hayafiki hata dakika moja. Wakati huohuo wifi yangu alishaanza kunong'ona kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI. Nyumbani kwake nilitengewa kikombe changu. Nimemsamehe, ila kikombe kile sijakisahau.

Macho ndiyo yaliyonitisha, kwa sababu ndiyo mkate wangu. Nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikasema ni umri, nikanunua miwani. Kumbe sukari ikipanda, lenzi ya jicho nayo hubadilika, unaona ukungu. Sukari yangu iliposhuka baadaye, miwani ile ikawa haifai tena.

Halafu siku moja mwezi wa kumi mwanafunzi wangu akapiga kelele, "Mama, unatoka damu!" Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo wangu, kandambili imelowa, na mimi naendelea kukanyaga pedali. Sikuhisi chochote. Ganzi ya miguu nilikuwa nayo miezi mingi, nikiilaumu pedali. Kidonda cha tundu la pini kilikaa wiki tano hakijafunga.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali kubwa. Mashine ya kupima sukari ya damu ilisoma 19.4 (milimoli kwa lita). Ni kisukari.

Mama yangu alifariki 2009 akiwa na mguu mmoja, kwa sukari hiyohiyo. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa na kilo 4.6, mtaa mzima ukamsifia, kumbe mtoto mkubwa hivyo anaweza kuwa dalili kwamba sukari ya mama ilipanda ujauzitoni, na mama ambaye sukari yake ilipanda hivyo anatakiwa aendelee kupimwa. Hayo yote nilikuwa nayajua vipandevipande. Sikuyaunganisha, mimi ninayeunganisha vitambaa kila siku.

Daktari alinieleza kwa nini nilikonda. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Katika kisukari aina ya pili seli zinaizoea insulini, haziitiki vizuri, na kongosho linachoka kuitengeneza. Sukari inabaki kwenye damu, seli zina njaa, mwili unaanza kula mafuta na misuli yake. Figo nazo zinaitupa sukari kwenye mkojo, ikitoka inavuta maji, ndiyo ile kiu.

Na usisubiri sisimizi chooni kama wazee walivyotufundisha. Kwa kawaida sukari haionekani kwenye mkojo mpaka ile ya damu ifike kama 10, wakati ugonjwa unahesabiwa kuanzia 7.0 ukipimwa asubuhi hujala. Yaani unaweza kuugua miaka bila sisimizi hata mmoja. Wengi hawana dalili kabisa.

Kwa hiyo dada zangu, pimeni. Ukiwa na kiu isiyoisha, pima. Shingo ikiweka weusi mzito kama uchafu usiotoka kwa sabuni, pima. Kiuno kikizidi sentimita 88 na nyumbani kwenu kuna mwenye sukari, pima hata kama unajisikia mzima, na mwambie mhudumu mwenyewe, "Nipime sukari," usingoje akumbuke. Tuache kumpongeza kila aliyekonda. Tuache kumsema pia. Muulizeni kama amepima.

Mimi leo natumia metformin, dawa ya kushusha sukari, natembea asubuhi kabla ya kufungua duka, soda nimeacha, na wiki iliyopita nilisoma 6.3 kabla ya chai. Duka la pili nimelifungua. Natunga sindano mwenyewe. Ganzi ya kidole gumba haijaondoka, na kila jioni nakagua nyayo zangu kwa kioo.

Mdogo wangu wa Mbeya, gauni liache lilivyo. Kesho asubuhi usinywe chai, nenda kapime, halafu niandikie namba uliyopewa. Somo la kubana kiuno nitakutumia baada ya hapo.