"Punguza nukta": agizo lililomaanisha kinyume

SWALI: Nafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji chenye mashine ya ofseti ya kidijitali. Mteja alirudisha kalenda akilalamika kwamba shavu la mtoto kwenye picha lina vijidoa vilivyojipanga. Msimamizi akaandika kwenye karatasi ya kazi: "Punguza nukta za skrini." Mwenzangu akazipunguza, na picha ikazidi kuharibika. Je, sentensi ile ilikuwa sahihi? Na vitu hivyo tuviite nukta, madoa au mawimbi?

JIBU: Kisarufi sentensi haina kosa, ila kimaana iliagiza kinyume cha kilichotakiwa. Kitenzi "punguza" kikifuatwa na nomino inayohesabika, msomaji huelewa kwamba idadi ndiyo ishuke, kama tunavyosema "punguza maneno" au "punguza wafanyakazi". Sasa tazama jinsi picha inavyochapwa. Huundwa kwa nukta ndogo za wino, nazo hupangwa kwa safu zinazopimwa kwa idadi ya mistari katika inchi moja, na mistari 150 hutoa nukta 22,500 katika inchi ya mraba, ilhali mistari 200 hutoa 40,000. Nukta zikiongezeka, kila moja hulazimika kuwa ndogo, hata jicho likashindwa kuitenga na jirani yake. Zikipungua, hunenepa, na safu zake hudhihirika, hasa penye rangi laini kama ya shavu. Mwenzako alitii alichoandikiwa, na hastahili lawama.

Kilichopaswa kupunguzwa ni ukubwa wa nukta, au kuonekana kwake. Kwa hiyo "punguza ukubwa wa nukta" ni sahihi, na "ongeza mistari kwa inchi" ni bora zaidi, kwa sababu inataja kile hasa ambacho fundi hukibadilisha. Kwenye mashine kama yenu, isiyotumia bamba la kudumu (sahani yenye picha ya kuchapwa), badiliko hilo hufanywa kwa kubadili mipangilio kwenye kompyuta, hivyo neno lisilo makini hufika kwenye karatasi upesi mno. Neno "skrini" nalo ningeliepuka katika maagizo, kwani wengi huwaza kioo cha simu au cha kompyuta. "Safu za nukta" linaeleweka bila utata.

Kuhusu majina, yote matatu yanahitajika, kwa kuwa kila moja lina dawa yake. Doa ni uchafu, kama tone la mafuta au vumbi lililonata kwenye mpira unaobeba wino hadi kwenye karatasi, na huondoka kwa kusafisha. Mteja wenu alisema vijidoa "vilivyojipanga", na hapo ndipo penye jibu: uchafu haujipangi. Alichokiona ni nukta, ambazo ni mwili wa picha yenyewe na haziwezi kuondolewa, bali hufichwa kwa udogo wake.

Mawimbi, yaani michoro ya kujirudia inayojitokeza juu ya picha, ni jambo jingine kabisa. Huzaliwa pale safu za rangi mbili zinapolaliana kwa pembe isiyofaa, na ndiyo maana wachapaji wamezoea kuweka safu za sayani (buluu ya uchapaji) kwenye digrii 15, nyeusi 45 na majenta (nyekundu ya uchapaji) 75, ili rangi hizo tatu zipishane kwa digrii 30. Njano hupewa 0, umbali wa digrii 15 tu kutoka kwa sayani, kwa kuwa weupe wake hufanya mawimbi yake yasionekane kwa urahisi. Mawimbi huweza pia kutoka kwenye picha yenyewe: kitenge chenye mistari myembamba, au picha iliyoskaniwa kutoka gazetini ikiwa tayari na nukta zake. Hapo agizo la kupunguza ukubwa wa nukta pekee huenda lisitoshe. Andika wazi "rekebisha pembe za rangi", au "tafuta picha ya asili" ikiwa iliyopo ilitoka gazetini.

Kwa kalenda ile, basi, karatasi ya kazi ingesomeka hivi: "Nukta zinaonekana kwenye shavu, ongeza mistari kwa inchi, kisha chapa nakala moja ya majaribio mteja aikague."