Bibi amelea, baba amerudi: mahakamani bibi ana hoja gani?

Mkuu, kwa ulivyoeleza: dada yako alifariki mtoto akiwa na miezi minane, mama yenu ndiye amemlea, sasa mtoto ana miaka sita na baba mtu, ambaye hakuwahi kufunga ndoa na dada yako, anamtaka. Umeambiwa "chini ya miaka saba mtoto hatoki ujombani". Hilo lifute kwanza. Dhana ya miaka saba, yaani kwamba mtoto wa chini ya umri huo ni bora akae na mama yake, ipo kwenye kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 imeirudia, lakini inamtaja mama mzazi. Bibi hairithi. Na hata kwa mama ni dhana tu, inapingika kwa ushahidi.

Kwamba baba hakutoa mahari nako kusiwe hoja yenu kuu. Mila ni kitu kimoja kati ya vinavyotazamwa, na kinakaa chini ya ustawi wa mtoto.

Kinachombeba bibi ni kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba akae naye, na cha 39 kinaitaka mahakama iangalie mwendelezo wa malezi. Tatizo, kifungu hichohicho cha 39 kinasema ni bora mtoto awe na mzazi wake, isipokuwa kama haki zake zinakiukwa mara kwa mara na mzazi huyo. Kwa hiyo "sisi tunampenda zaidi" haisaidii kitu. Hakimu atauliza: huyu mtoto akihamishwa leo, anapoteza nini?

Jibuni kwa karatasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama, kadi ya kliniki, barua ya mwalimu mkuu inayotaja anayehudhuria vikao vya wazazi, risiti za shule, barua ya serikali ya mtaa, na jirani mmoja au wawili walio tayari kusimama kizimbani. Kama baba aliwahi kutuma hela kwa simu, semeni wenyewe kwenye kiapo. Wengi huandika "hajawahi kutoa hata shilingi", mwenzao analeta taarifa ya miamala, na kuanzia hapo hakuna wanachosema kinachoaminika.

Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, si polisi. Mkishindwana hapo, maombi yanakwenda Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza faragha. Mahakama inaweza kuagiza ripoti ya ustawi wa jamii, na ripoti hiyo ina uzito mkubwa. Afisa ataangalia mtoto analala wapi na nani anabaki naye bibi akiugua (umri wa bibi utaulizwa, jiandaeni), kisha ataongea na mtoto peke yake. Msimfundishe. Mtoto wa miaka sita akisema "baba hakutoa matunzo", kila mtu anajua maneno hayo ni ya nani.

Kosa linaloangusha kesi nyingi za namna hii ni kumficha mtoto kijijini au kumfukuza baba mlangoni. Mwacheni amwone, andikeni tarehe. Kama mnatilia shaka ubaba, ombeni mahakama iagize kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila msitumie njia hiyo kuchelewesha tu.

Kwa maoni yangu, baba akiwa na makazi, kipato na hana rekodi ya ukatili, uwezekano wa bibi kushinda moja kwa moja ni mdogo. Ndiyo maana maombi yawe na ngazi mbili: kwanza bibi abaki na mtoto, ikishindikana, bibi apewe haki ya kumtembelea na kukaa naye likizo za Juni na Desemba, na makabidhiano yawe ya polepole, wikiendi kwanza, kisha likizo nzima, na kuhama kuwe Januari shule zinapofunguliwa. Ombi hilo la pili liandikwe tangu mwanzo. Lisipoandikwa, hakimu hana sababu ya kuwapa msichoomba.