Mfuko wa chakula umekatwa wote: je, saratani itarudi?

Mkuu, umeuliza kama ya mzee inaweza kurudi, maana daktari alisema "imetoka yote". Kauli hiyo ni ya kilichoonekana kwa macho siku ya upasuaji. Jibu lenyewe limo kwenye majibu ya kinyama, yaani ripoti ya maabara iliyochunguza kilichokatwa, kwa hiyo omba nakala. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nao watayataka wakipanga kemo (dawa za kuua seli za saratani).

Ukiyashika, tafuta R. R0 ni kwamba kingo za kilichokatwa ni safi. R1, hadubini imekuta seli zimebaki. T inasema saratani imechimba ukuta wa mfuko kiasi gani: T1 iko tabaka za juujuu, T4 imetokeza nje ya ukuta. N ni mitoki (tezi za limfu) yenye saratani, na N0 ni kwamba haikuonekana hata mmoja. Hapa ndipo wengi hujidanganya. N0 ya mitoki 6 iliyochunguzwa si sawa na N0 ya mitoki 20. Inatakiwa angalau 16, la sivyo ugonjwa unaweza kuandikwa mdogo kuliko ulivyo. Mwenye T1N0 mara nyingi hupona moja kwa moja. Mwenye T4 na mitoki kadhaa yenye saratani yuko kwenye hatari kubwa hata kama ni R0, kwa hiyo asikatishe kemo kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Ikirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, kwenye utando wa tumbo, ini au mitoki. Utando ndio msumbufu: vivimbe vidogo vya huko picha ya CT huvikosa. Tumbo likijaa maji, au akafunga choo huku anatapika, rudini hospitali hata kama picha ya mwezi jana ilikuwa safi.

Lakini si kila dalili ni saratani kurudi. Akinywa uji wa sukari nyingi au juisi ya miwa, halafu dakika 15 hadi 30 baadaye moyo unaenda mbio, jasho linamtoka na anaharisha, hicho ni chakula kushuka kwenye utumbo kwa kasi. Mpeni milo midogo 6 kwa siku, vinywaji nusu saa mbali na chakula. Chakula kikianza kukwama kifuani, huenda kiungio, pale umio ulipounganishwa na utumbo, kimesinyaa kwa kovu. Kipimo cha kamera ya kupitia mdomoni huthibitisha na hapohapo kinaweza kutanuliwa.

Na vitamini B12 msisahau. Bila mfuko wa chakula haifyonzwi vizuri, ila akiba ya ini huficha upungufu kwa miaka kadhaa, ndipo ganzi ya miguu inapoanza. Sindano ya mikrogramu 1000, kila mwezi au kila miezi 3 kadiri daktari atakavyopanga, ni ya maisha.